UZI: Septemba hadi Majilio (majuma ya kuingojea Krismasi) kwenye parokia ya Episcopal, kwa Waswahili tuliohamia Marekani

Mtu wa Newala (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mwaka joto likianza kupungua huku Michigan, napokea ujumbe wa faragha wenye swali lile lile. Mtu ametoka Tanzania, au Bunia, au Nakuru. Kwao alikuwa Mwanglikana. Hapa mtaani kaona kanisa lenye mlango mwekundu na kibao kimeandikwa Episcopal, anauliza: hili ni la kwetu, na mtu anaingiaje? Nimejibu mmoja mmoja kwa muda mrefu. Sasa naandika hapa ili wengi wasome, na wenye uzoefu wa majimbo mengine waongeze.

Ni la familia moja. Episcopal ndiyo Anglikana ya Marekani. Baada ya makoloni kujitenga na Uingereza, askofu wa Kiingereza hakuweza kumweka wakfu mtu asiyekula kiapo cha utii kwa mfalme. Ndipo Samuel Seabury wa Connecticut akaenda Scotland, na maaskofu wa kule wakamweka wakfu mjini Aberdeen tarehe 14 Novemba 1784. Tangu hapo wana maaskofu wao, sinodi yao na Kitabu chao cha Sala. Kinachotumika sasa ni cha mwaka 1979. Ukikifungua utakuta mpangilio wa Misa unaoujua: toba, masomo, Injili, Imani, sala za watu, amani, meza ya Bwana.

Ila lililonifanya nifungue uzi ni jambo la wakati. Ndugu zangu, ingieni Septemba. Msisubiri Krismasi.

Sababu ni hii. Wakati wa kiangazi parokia nyingi hupunguza mwendo. Kwaya inapumzika, shule ya Jumapili inafungwa, nusu ya waumini wako ziwani au kwa wajukuu. Halafu inakuja Sikukuu ya Wafanyakazi, ambayo kwa Wamarekani ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba, na Jumapili inayofuata kanisa linaamka lote kwa mpigo. Kwaya inarudi mazoezini. Watoto wanagawiwa madarasa, na mikoba yao ya shule inapangwa mbele ya altare ibarikiwe. Orodha zinabandikwa ukutani: wasomaji wa masomo, watumishi wa altare, wapokea wageni mlangoni, wapika kahawa, wabeba Ekaristi kwa wagonjwa. Orodha hizo zina nafasi tupu. Mgeni anayefika siku hizo anapewa kiti, na ndani ya wiki chache anapewa na kazi. Na kwa hawa watu, ukishakuwa na kazi wewe ni mwenyeji. Watakupigia simu usipoonekana.

Mgeni wa Krismasi anapokelewa kwa mshumaa na tabasamu, lakini usiku ule kanisa limejaa wageni kama yeye na hakuna anayeshika jina lake. Linaniuma, kwa sababu nimeona familia zetu zikifika Desemba, zikakaa benchi la nyuma, na Februari hazipo tena. Halafu mtu anasema Wazungu wana baridi moyoni. Alifika wakati nyumba imeshapangwa na kila mtu ana shughuli zake.

Kidogo kuhusu utakachokikuta ndani. Kama umelelewa Masasi, Newala, Korogwe au Unguja, kwenye misheni ya UMCA (wamisionari Waanglikana wa ibada za kikatoliki), parokia nyingine zitakurudisha nyumbani kabisa: ubani, chetezo, ishara ya msalaba, kupiga goti. Kama umelelewa Dodoma, Mwanza au Kenya, kwenye malezi ya CMS (wamisionari Waanglikana wa kiinjili), huenda ukaona mapambo ni mengi mno. Tafuta parokia yenye ibada nyepesi, zipo. Dayosisi moja inaweza kuwa na aina zote mbili, tena kwenye mtaa mmoja.

Mavazi ya padre msimu huo ni ya kijani, rangi ya Jumapili baada ya Pentekoste. Parokia nyingi sasa zinaadhimisha pia Majira ya Uumbaji kuanzia 1 Septemba hadi 4 Oktoba. Chimbuko lake ni mwaka 1989, Patriaki Dimitrios wa Kanisa la Orthodoksi alipoiweka 1 Septemba kuwa siku ya kuuombea uumbaji wa Mungu. Hapa Michigan ndio msimu wa kuchuma tufaha, kwa hiyo sala zinaendana na kinachoonekana dirishani.

Nitaendelea na Oktoba. Maswali yanakaribishwa.

---

Mama Upendo

Asante sana kaka. Mimi ni KKKT, nimetokea Moshi, sasa niko Kentucky na watoto. Karibu na nyumba yangu hakuna Walutheri, kuna hao Episcopal. Je, naruhusiwa kushiriki Chakula cha Bwana, au nitakaa tu nikiangalia? Na mwanangu wa mwisho bado hajabatizwa.

---

Mtu wa Newala

Mama Upendo, shikamoo. Unaruhusiwa. Sheria ya kanisa lao inasema asiyebatizwa hastahili kupokea Ekaristi. Wewe umebatizwa kwa Utatu Mtakatifu, meza ni yako. Zaidi ya hapo, Episcopal na Kanisa la Kilutheri la Marekani, ELCA, wana ushirika kamili tangu 2001. Mchungaji wa Kilutheri anaweza kuongoza Misa kwenye parokia ya Episcopal na padre akaongoza kwao. Mwishoni mwa Oktoba, kwenye kumbukumbu ya Matengenezo ya Kanisa yaliyoanzishwa na Luther, ziko parokia zinazosali pamoja na Walutheri majirani. Uliza, utafurahi.

Kuhusu mtoto, njoo naye mpaka kwenye reli ya altare. Akunje mikono kifuani, padre atamwekea mkono na kumbariki. Na mwambie padre mapema kwamba unataka abatizwe, kwa sababu Novemba kuna siku maalumu ya ubatizo. Nitaifikia.

---

Mzee Chiwanga

Mleta mada unaandika vizuri, lakini waambie watu ukweli wote. Hawa si ndio waliomweka askofu shoga? Na maaskofu wetu wa Tanzania si walitamka kwamba ushirika nao umeharibika? Kijana anayetoka Dodoma akifika huko ajue anaingia wapi.

---

Mtu wa Newala

Mzee, shikamoo. Umesema la haki na sitalikwepa. Tarehe 2 Novemba 2003 Gene Robinson aliwekwa wakfu kuwa askofu wa New Hampshire, akiishi wazi na mwenza wa kiume. Desemba 2006 nyumba ya maaskofu ya Kanisa Anglikana la Tanzania ilitamka kwamba ushirika na Episcopal umejeruhiwa vibaya. Hilo liko kwenye kumbukumbu, na Episcopal hawajarudi nyuma; leo wanafungisha ndoa za jinsia moja. Vilevile wana makasisi na maaskofu wanawake, jambo ambalo baadhi ya dayosisi zetu hazijalipokea. Anayeona dhamiri yake haimruhusu, lipo Kanisa Anglikana la Amerika Kaskazini, ACNA, lililoundwa 2009 na waliojitenga. Asali huko kwa amani.

Mimi nimebaki. Nimebaki kwa sababu ndio waliokuja hospitali mke wangu alipolazwa, na ndio waliomfundisha mama mkwe wangu kusoma barua za shule za wajukuu. Tunatofautiana, tena tunaambiana usoni kwenye mafunzo ya Biblia ya Jumatano. Ninachoomba kwenye uzi huu ni tusiugeuze kuwa wa jambo hilo moja, maana kuna watu wapya wanahitaji kujua mahali pa kupeleka watoto Jumapili hii.

---

Mzee Chiwanga

Marahaba. Nimekuelewa. Endelea.

---

Mtu wa Newala

OKTOBA

Tarehe 4 Oktoba ni ya Fransisko wa Asizi. Jumapili iliyo karibu nayo, au Jumamosi alasiri kwenye nyasi za kanisa, watu wanaleta wanyama wao wabarikiwe. Mbwa, paka, sungura, kobe, kuku wa kufugwa uani. Watoto wengine huja na picha ya mnyama aliyekufa. Padre anapita kwa kila mmoja, anauliza jina, anaweka mkono, anasema sala fupi ya kumshukuru Mungu kwa kiumbe hiki na kuomba mwenye kukifuga akitunze vema. Kwenye Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohana Mwinjili, New York, ambalo linajulikana sana kwa ibada hii, hata ngamia ameshaingia kwa maandamano hadi mbele.

Najua kwetu hili linashangaza. Sisi mbuzi tunaleta kanisani siku ya mavuno na anaondoka na mshindi wa mnada. Lakini hebu mtazame mzee anayeishi peke yake kwenye nyumba ya wastaafu, mwenza alishafariki, watoto wako California. Mbwa yule ndiye anayemfanya aamke asubuhi. Kanisa linapombariki mbwa linamwambia mzee yule kwamba maisha yake ya Jumatatu hadi Jumamosi nayo yanaonekana mbele za Mungu. Mimi husimama mlangoni siku hiyo kupokea watu, na ni siku ambayo majirani wasiokanyaga kanisani mwaka mzima huja na kuuliza saa za ibada.

Kuna upande wa Fransisko unaosahaulika, na nautaja kwa sababu ndio unaobeba nusu ya uzi huu. Mwaka 1219, katikati ya Vita vya Msalaba vya tano, majeshi ya Wakristo yalikuwa yameuzingira mji wa Dimyat kwenye mdomo wa Mto Nile. Fransisko, bila silaha, akiwa na ndugu mmoja tu, alivuka mstari wa vita akaenda kuonana na Sultani al-Malik al-Kamil, mtoto wa ndugu yake Salahuddin. Walizungumza, Sultani akamkirimu, kisha akamrudisha salama. Hakuna aliyebadili dini. Baadaye, katika kanuni aliyowaandikia ndugu zake mwaka 1221, Fransisko aliwaambia wanaokwenda kuishi kati ya Waislamu wasiingie kwenye mabishano, wawe watumishi wa kila kiumbe kwa ajili ya Mungu, na wakiri waziwazi kwamba wao ni Wakristo.

Hayo matatu yaliyo kwenye kanuni ndiyo utaratibu wa parokia yetu na majirani zake. Huwa tunayasoma kwenye kamati kabla ya kupanga lolote na msikiti au sinagogi.

Vuli ya huku sikukuu za watu zinagongana. Wayahudi wana Mwaka Mpya wao, Siku ya Upatanisho na Sikukuu ya Vibanda, zote kati ya Septemba na Oktoba. Siku ya Upatanisho sinagogi la jirani linafurika, kwa hiyo maegesho yetu ya magari ni yao kutwa nzima, na vijana wetu wanasimama barabarani kuelekeza magari. Wao Krismasi na Pasaka hufanya vivyo hivyo kwetu. Wiki ya Vibanda wanatualika kula chini ya kibanda chao cha matawi. Mtu wa Newala aliyewahi kulala dungu la shambani akilinda mahindi anajisikia nyumbani pale kuliko Wamarekani wote.

Oktoba hiyo hiyo kuna matembezi ya kuchangia wenye njaa, yale ya CROP. Yalianzia Bismarck, North Dakota, mwaka 1969. Makanisa ya mji mzima yanatembea pamoja, na robo ya fedha inabaki kwa wahitaji wa papo hapo. Vaeni viatu vizuri na sweta.

---

Binti Malindi Unguja

Assalaam aleikum na salamu kwa wote. Mimi ni Muislamu, naishi Columbus. Nasoma uzi huu kimya tangu juzi. Kaka, nauliza kwa heshima mambo mawili. Kwanza, sisi wa madhehebu ya Shafi kugusana na mbwa mwenye majimaji ni najisi nzito, inaoshwa mara saba na moja kwa udongo. Je, mkitualika kwenye shughuli zenu hilo mnalifikiria? La pili ni kubwa zaidi. Huku naona mialiko ya sala za pamoja za dini zote. Mimi jirani yangu nampenda na chakula chake nampelekea, lakini ibada siichanganyi. Wengi wetu hatuji kwa hofu hiyo, si kwa chuki.

---

Mtu wa Newala

Waaleikum salaam dada. Maswali yako ndiyo niliyokuwa nayangoja.

La mbwa tulielezwa na imamu wa hapa kwa upole. Sasa siku ya wanyama inafanyika nje, na hakuna shughuli ya majirani inayopangwa siku hiyo wala kwenye ukumbi ule kabla haujasafishwa. Tulibadilisha tarehe tu. Hakuna aliyepungukiwa.

La pili naliunga mkono kwa moyo wote. Kuchanganya ibada siko tayari nako mimi pia. Nikisema "kwa Yesu Kristo Bwana wetu" sitaki kuumeza mwisho wa sala ili mgeni asisikie. Na mgeni wangu simtaki aseme Amina kwa maneno asiyoyaamini. Kwenye shughuli zetu kila mmoja anasali sala yake kwa jina na lugha ya dini yake, wengine wanakaa kwa adabu na kusikiliza. Hakuna anayeambiwa atamke kwa pamoja. Mpango unatumwa kwa viongozi wote wiki mbili kabla, na neno lisilokubalika kwa mmoja linajadiliwa au linaondolewa.

Mfano ulioonekana na nchi nzima ni wa Ijumaa tarehe 14 Novemba 2014. Kanisa Kuu la Taifa la Episcopal jijini Washington lilikaribisha sala ya Ijumaa ya Waislamu kwa mara ya kwanza. Ebrahim Rasool, aliyekuwa balozi wa Afrika Kusini na mwenyewe ni Muislamu, alikuwa mmoja wa waliopanga na ndiye aliyehutubu. Mazulia yalitandikwa kwenye mkono wa kaskazini wa jengo, ambalo lina umbo la msalaba, mahali ambapo wanaosali wangeweza kuelekea Makka bila sanamu wala misalaba mbele yao. Wapo Wakristo waliokasirika, na mwanamke mmoja alipaza sauti ndani mpaka akatolewa nje. Waislamu walisali sala yao kamili, na Jumapili Wakristo wakasali yao kamili. Wenye nyumba walikuwa wenyeji, wageni walikuwa wageni.

Na hapa kwetu Michigan, mjini Ann Arbor, parokia ya Mtakatifu Clare na sinagogi la Beth Emeth wanamiliki jengo moja kwa ubia tangu miaka ya 1970. Jumamosi la hawa, Jumapili la hawa. Wanagawana bili ya umeme na ya paa. Mimi hilo la paa ndilo linalonigusa: watu wakikaa miaka hamsini wakilipia paa moja, huhitaji kuwahubiria kuvumiliana.

---

Binti Malindi Unguja

Shukran. Kwa maelezo hayo nitakwenda na nitamwambia na mume wangu. Kwetu Mkunazini ukisimama uani unaona mnara wa kanisa na wa msikiti pamoja, lile kanisa lililojengwa penye soko la watumwa. Wazee wetu husimulia kwamba saa ya mnara wake ilikuwa zawadi ya Sultani Barghash kwa Askofu Steere. Kwa hiyo si jambo geni kwetu, tumesahau tu.

---

Mutoto wa Boga

Aksanti sana ndugu wa Newala. Mimi niko mutu wa Ituri, Boga, pale Apolo Kivebulaya alifika mwaka 1896 kutoka Uganda na kuleta Kanisa Anglikana kwetu Congo. Alikufaka 1933, na kaburi yake iko pale pale. Tulifika Marekani na nyanya yangu, hasikii Kiingereza hata kidogo. Katika parokia yetu huku, mwezi wa kumi na moja, banasoma majina ya bafu (wafu). Tuliandika majina ya batu yetu yenye walikufa kwa vita. Padre alikuja kwetu nyumbani kuuliza namna ya kuyatamka, akayaandika na kuyarudia mupaka yakakuwa sawa. Siku ile nyanya alisikia jina ya bwana yake mbele ya kanisa yote. Alisema: sasa na mimi niko na kanisa huku.

Leta habari ya Novemba, tuko tunangoja.

---

Mtu wa Newala

Ndugu wa Boga, nimesoma ujumbe wako mara kadhaa. Bibi apewe salamu zangu, na padre wako abarikiwe. Naomba kila anayesoma aige hilo: peleka majina ya marehemu wako mapema, na kaa na msomaji umfundishe kuyatamka. Usione haya. Jina la baba yako halina sababu ya kuvunjwavunjwa siku ya kukumbukwa kwake.

NOVEMBA

Tarehe 1 ni Watakatifu Wote, tarehe 2 ni Marehemu Wote. Parokia nyingi huunganisha mambo hayo Jumapili ya kwanza ya mwezi. Rangi inageuka nyeupe. Majina ya waliofariki yanasomwa, kengele inagongwa kwa kila mmoja, na mahali pengine kuna meza ya picha na mishumaa. Kwetu Masasi na Newala siku hizi tulikwenda makaburini kufyeka na kuwasha mishumaa. Huku makaburi yako mbali na familia zetu, wengi wetu hatukuweza hata kurudi kuzika. Kwa hiyo ibada hii inabeba mzigo mkubwa kwetu kuliko kwa wenyeji, na nimewaeleza hivyo kwenye baraza la parokia. Sasa tunaongeza somo moja kwa Kiswahili, na baada ya ibada wamama wanapika chai ya tangawizi na maandazi, watu wanakaa wanasimuliana habari za waliotangulia.

Mama Upendo, hii ndiyo siku niliyokuahidi. Kitabu cha Sala kinataja siku nne zinazofaa hasa kwa ubatizo: Mkesha wa Pasaka, Pentekoste, Watakatifu Wote, na Jumapili ya Ubatizo wa Bwana. Kanisa zima linasimama na kurudia ahadi zao pamoja na mzazi, ikiwemo ahadi ya kuheshimu utu wa kila mwanadamu. Mwone padre Septemba hii hii, kuna mafunzo ya wazazi na wasimamizi.

Angalieni saa. Jumapili hiyo hiyo ya kwanza ya Novemba Marekani inarudisha saa nyuma kwa saa moja. Usipobadilisha utafika mlango umefungwa, na nje kuna baridi.

Halafu yapo mambo ya fedha. Kuanzia Oktoba utapewa kadi ya ahadi. Unaandika utakachotoa mwaka ujao, kwa wiki au kwa mwezi. Baraza la parokia linajumlisha kadi zote, na hapo ndipo linajua kama litaweza kulipa mshahara wa padre, gesi ya kupashia joto na msaada wa jamii. Andika kiasi unachokiweza, hata dola mbili kwa wiki. Kadi ya dola mbili inahesabiwa kama ahadi kamili, na wewe unakuwa sehemu ya waliopanga nyumba. Ukipoteza kazi katikati ya mwaka unamwambia mtunza hazina, anabadilisha, hakuna kikao cha kukuhoji.

Akina mama wana kisanduku kidogo cha buluu, cha Sadaka ya Shukrani. Kila ukipata la kumshukuru Mungu unatia sarafu, na wakati wa vuli visanduku vinakusanywa. Mpango huu waliuanzisha wanawake mwaka 1889. Fedha za mwanzo zilijenga kanisa Anvik, Alaska, na kumpeleka mmisionari mwanamke Japani, na baadaye zikafika majimbo mengi ya Anglikana, ya Afrika yakiwemo. Watoto wanakipenda sana kisanduku hicho.

---

Wa Murang'a

Hamjambo ndugu zangu. Hapo kwa kadi ndipo mimi nilipata shida. Kwetu ACK, Kanisa Anglikana la Kenya, mavuno ni shangwe: ndizi, viazi, jogoo, mnada, Umoja wa Mama wakiimba. Huku mtu anaandika kwa karatasi kimya na kuitia kwa bahasha. Nauliza, hakuna namna ya kuwaletea ile furaha yetu?

---

Mtu wa Newala

Ipo ndugu. Mwambieni padre kwamba Jumapili ya kukusanya kadi mnataka kuja mbele mkiimba na mazao mikononi: maboga, tufaha, mahindi, mikate, makopo ya stoo ya chakula cha wahitaji. Kwetu walikubali mara moja. Wazee wa Kimarekani ndio wa kwanza kusimama kupiga makofi. Mnada hatujaufanya bado, baraza linalifikiria kwa ajili ya stoo ya chakula. Lakini msingoje kualikwa kuimba. Pelekeni jina la kiongozi wa kwaya yenu Septemba, ratiba ikiwa bado ina nafasi.

Namalizia na Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Lincoln aliitangaza kitaifa mwaka 1863, na sheria ya 1941 ikaikaza Alhamisi ya nne. Kwenye Kitabu cha Sala ina sala na masomo yake kamili. Ni sikukuu ambayo Mkristo, Muislamu, Myahudi na Mhindu wote wanaila, kwa hiyo ibada ya majirani imewekwa jioni moja kabla yake, kwa zamu: mwaka huu kanisani, mwaka ujao msikitini, mwingine kwenye sinagogi. Zinasomwa Zaburi, zinasomwa aya za Kurani, kila mmoja kwa lugha yake na tafsiri ikafuata. Sadaka yote inakwenda kwenye stoo ya chakula ya mji.

Stoo ndiyo kazi yenyewe. Wiki ile familia zinapewa bata mzinga, viazi, maharage mabichi. Familia za Kisomali, Kiafghani na Waswahili Waislamu walikuwa wanaondoka bila nyama. Tuliongea na watu wa msikiti, wakatuonyesha mchinjaji, sasa kuna jokofu la pembeni lenye kuku wa halali, lenye alama ya kijani, na anayeligawa ni mama wa msikitini. Fedha ya kuku hao inatoka kwenye kadi za ahadi za Wakristo. Nililitetea jambo hili kwenye baraza na nitalitetea tena.

Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio ni ya Kristo Mfalme, kisha Majilio yenyewe yanaanza Jumapili iliyo karibu zaidi na 30 Novemba, rangi inageuka zambarau au buluu, na mwaka wa kanisa unaanza upya.

---

Mama Upendo

Kaka, nimekwenda Jumapili! Nilipokelewa na bibi mmoja akaniandika jina na kuniuliza naweza nini. Nikasema napika. Kaniweka kwenye orodha ya kahawa wiki ya tatu. Padre kasema mafunzo ya ubatizo ni Jumatano jioni. Swali: hiyo kahawa ni mimi nanunua vitu au kanisa? Na nikileta sambusa za nyama watakula?

---

Mtu wa Newala

Hongera sana mama. Kahawa, sukari na maziwa viko jikoni kwa kanisa, vitafunwa unaleta wewe kwa hiari. Sambusa watakula zote, kwa hiyo wapikie wengi. Tengeneza na sahani moja ya maharage au viazi kwa wasiokula nyama, wako wengi. Andika kikaratasi mbele ya kila sahani kuonyesha kilichomo, hasa karanga, kwa sababu ya watoto wenye mzio. Fika dakika arobaini kabla ya ibada, mitungi yao ya kahawa inachelewa kuchemka.